Kubadilisha Kioo cha Mbele cha Porsche 911 Hapa Nakuru

Gari la spoti linapoegeshwa mbele ya gereji yangu hapa Nakuru, swali la kwanza watu wanaloniuliza ni bei ya kioo. Swali hilo ni la haki, nami nitaligusia baadaye, lakini kuna jambo linalotangulia bei ambalo ningependa kila mwenye gari la aina hiyo upande huu wa nchi alifahamu vyema. Kioo cha mbele cha gari la kisasa ni sehemu ya bodi yenyewe. Kimegandishwa ili kibebe sehemu ya nguvu zinazolielemea gari, na fundi anayekibandika bila kulijua hilo anaweza kumrudishia mteja gari linalong'aa lakini lisilo salama. Nimeamua kuandika kwa urefu kuhusu Porsche 911 moja niliyoishughulikia kwa sababu ilibeba karibu kila tatizo linaloweza kuzuka katika kazi hii, na kwa sababu bado nasikia wenye magari wa Kisumu, Kakamega na Eldoret wakiambiwa kwamba kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa vizuri nje ya Nairobi.

Gari lenyewe ni la kizazi cha 911 ambacho Porsche hukiita 997, kilichotengenezwa kati ya mwaka 2004 na 2012, na liliingia nchini kutoka Uingereza likiwa limetumika. Kwa kuwa kanuni zetu haziruhusu mtu kuagiza gari kuukuu lililopitisha miaka 8, wala lenye usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida, magari mengi ya spoti tunayoyaona huku hutoka Uingereza au Japani. Mwenye gari ni daktari anayeishi Kisumu. Alikuwa akija Nakuru kupitia Ahero, na karibu na Awasi trela la miwa lililokuwa mbele yake lilirusha kijiwe kwa gurudumu la nyuma, kikagonga kioo upande wa abiria na kuacha kitundu chenye upana wa milimita chache tu. Aliendelea na safari, kwa kuwa kitundu hicho hakikuwa kikimzuia kuona barabara.

Kilichofuata ndicho ninachotaka madereva wa njia ile wakielewe. Kisumu iko kwenye mwinuko wa mita 1,131 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kericho iko juu zaidi ya hapo kwa takriban kilomita moja nzima, kwa hiyo dereva anayetoka kandokando ya ziwa huondoka penye joto na kufika penye baridi katika muda mfupi. Daktari alipoanza kupanda alikutana na mvua, vioo vikaingia ukungu, naye akafungulia hewa ya moto ielekee kwenye kioo. Upande wa ndani wa kioo ukapata joto na kutaka kutanuka, huku upande wa nje ukipozwa na maji ya mvua. Kioo kizima huvumilia mvutano huo bila shida, lakini penye jeraha nguvu zote hukusanyika kwenye ncha ya ufa mdogo usioonekana, na ncha hiyo ikishaanza kutembea haisimami kirahisi. Kabla ya kuyafikia mashamba ya chai, ufa ulikuwa umetoka kwenye kitundu na kushuka hadi ukingo wa chini wa kioo.

Kitundu kile kingezibwa kule kule Kisumu siku hiyo hiyo, pengine kioo kingeokoka. Fundi huondoa hewa na unyevu ndani ya jeraha, huingiza utomvu maalumu wa maji maji, kisha huugandisha kwa taa ya miale ya urujuanimno. Kazi hiyo ni ya muda mfupi na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kioo kipya. Inafaa pale ambapo jeraha ni dogo, haliko mbele ya macho ya dereva, haliko karibu na ukingo, na tabaka la ndani halijaguswa. Ufa ukishafika ukingoni hakuna utomvu unaoweza kurudisha nguvu ya kioo, hata fundi aapie mbinguni.

Nimetaja tabaka la ndani kwa sababu kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki katikati. Wazo hilo linahusishwa na mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus, ambaye mwaka 1903 chupa ya maabara ilianguka na kuvunjika lakini vipande vyake vikabaki vimeshikana, kwa kuwa ndani yake kulikuwa na utando uliokauka. Alipata hataza ya kioo chake mwaka 1909. Utando wa mwanzo ulikuwa wa selulosi na ulibadilika rangi kuwa njano kadiri jua lilivyoupiga, hadi miaka ya 1930 ulipoanza kutumika utando wa polivinili butirali, ambao ndio tunaoutumia hadi leo. Ndiyo maana jiwe likikipiga kioo cha mbele hakimmwagikii dereva usoni.

Zamani kioo hicho kilishikwa na mpira tu. Wengi wetu tulijifunza ufundi kwenye Peugeot 504, ambapo unaingiza kamba ndani ya mdomo wa mpira, unakiweka kioo mahali pake, mmoja anasukuma kutoka nje na mwingine anavuta kamba kutoka ndani mpaka mpira uukumbatie ukingo wa bodi. Hata Porsche 911 iliyoendeshwa na Vic Preston Jr katika Safari Rally ya mwaka 1978, ikamaliza ya pili nyuma ya Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas, kioo chake kilishikwa kwa mpira, na Porsche iliendelea na utaratibu huo hadi kizazi cha 964. Kizazi kilichofuata, yaani 993 cha miaka ya 1990, ndicho kilicholeta kioo cha kugandishwa kwenye 911. Kuanzia hapo kioo kikawa kinasaidia kuzuia bodi isijipinde kwenye kona kali, kikawa kinasaidia kushikilia paa gari likipinduka, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria ukifumuka huegemea kioo kabla ya kumpokea mtu. Gundi ikiwa dhaifu, mfuko huo unaweza kukisukuma kioo nje na abiria akakosa cha kumzuia. Ninapowaeleza wateja hili huwa naona sura zao zikibadilika, na ni vyema zibadilike.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutafuta kioo kilicho sahihi, na hapa haraka huponza watu wengi. Vioo vya 997 havifanani vyote. Kuna chenye ukanda wa rangi juu na kisicho nao, kuna chenye nafasi ya kihisi cha mvua na kisicho nayo, na antena ya redio imepachikwa ndani ya kioo chenyewe. Katika gari hili, chini ya boneti ya mbele mna karatasi ndogo iliyobandikwa yenye nambari ya chesisi na safu ya misimbo ya vifaa vyote ambavyo gari lilitoka navyo kiwandani, na karatasi kama hiyo imo pia kwenye kijitabu cha huduma. Niliipiga picha karatasi hiyo, nikaituma kwa muuzaji pamoja na picha ya alama iliyochapwa kwenye kona ya kioo cha zamani. Alama hiyo husomeka ukiizoea. Herufi E ndani ya duara hufuatwa na nambari ya nchi iliyotoa idhini, 1 ikiwa Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia na 11 Uingereza. Maandishi 43R huonyesha kanuni ya kimataifa ya vioo vya magari, na nambari ya Kirumi II huonyesha kwamba ni kioo cha matabaka kwa ajili ya mbele. Kioo kisicho na alama kama hizo sikifungi kwenye gari la mtu yeyote, liwe la spoti au la kubebea maziwa.

Kioo kilikuja kwa ndege, kikiwa kimesimamishwa ndani ya sanduku la mbao. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kilomita 160 hivi, na sehemu hiyo fupi ya safari ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko ile ndefu, kwa hiyo nilisisitiza kisafirishwe kikiwa kimesimama na kufungwa mikanda, kamwe kisilazwe. Kabla ya kutia sahihi ya kupokea nilipitisha tochi kwenye ukingo wote wa kioo, mzunguko mzima, nikitafuta mikwaruzo na vipande vilivyobanduka. Kipande kidogo kilichobanduka ukingoni huweza kukaa kimya kwa wiki kadhaa, kisha siku moja ya baridi kikageuka ufa, na hapo mzozo baina ya mteja, fundi na msafirishaji hauna mwisho.

Siku ya kazi tulianza na milango. Milango ya 911 haina fremu kuzunguka vioo vya pembeni, na kila unapovuta kitasa kioo cha mlango hushuka kidogo ili kipite chini ya mpira wa paa, kisha hupanda tena mlango ukishafungwa. Jambo hilo hutendwa na umeme. Fundi asiyelijua huondoa betri kwanza, kisha akifungua na kufunga mlango kioo kinagonga mpira, na hapo anatafuta hasara ya pili. Tuliteremsha vioo vyote viwili, tukaacha boneti ya mbele wazi kwa kuwa nayo hufunguliwa kwa umeme, halafu ndipo tukakata betri, ambayo imefichwa chini ya kifuniko cha plastiki karibu na tako la kioo. Baada ya hapo tuliondoa mikono ya waipa kwa kifaa cha kuvutia, plastiki za chini ya kioo, vifuniko vya nguzo za mbele, kioo cha kutazamia nyuma pamoja na kihisi cha mvua, na waya wa antena. Dashibodi, viti na mabawa ya mbele vyote tulivifunika kwa mablanketi safi.

Kukata gundi ya zamani kunaweza kufanywa kwa kisu au kwa waya. Kisu ni cha haraka, lakini katika gari ambalo rangi yake haipatikani dukani nakiepuka, kwa sababu mtelezo mmoja huchimba ukingo wa bodi hadi kwenye chuma. Tulitumia waya uliosokotwa, ambao huingizwa kwa kutoboa gundi kwenye kona, ncha moja ikabaki ndani na nyingine nje, kisha ukavutwa polepole kuzunguka kioo. Sehemu ngumu ni ya chini, kwa kuwa kioo cha gari la spoti kimelala sana na ukingo wake umezama mbali chini ya dashibodi, mahali ambapo waya unaweza kuila ngozi ya dashibodi bila mtu kuona. Pale tulipitisha bamba la plastiki ngumu baina ya waya na dashibodi, na kijana ninayefanya naye kazi akawa hana kazi nyingine ila kulishikilia bamba hilo na kuniambia niendelee au nisimame.

Kioo kilipotoka ndipo tulipoona kwamba hakikuwa cha kiwandani. Kiliwahi kubadilishwa, sijui ni nchi gani wala ni nani aliyefanya kazi hiyo, na kwenye kona ya juu kushoto fundi yule alikuwa ameongeza silikoni nyeupe, ile inayotumiwa kuzibia madirisha ya nyumba na masinki, bila shaka ili kuzuia maji yaliyokuwa yakivuja. Jambo hili hunikera kwa dhati. Aina nyingi za silikoni hiyo hutoa asidi ya siki zinapokauka, na ukiweka pua karibu zikiwa mbichi utaisikia harufu yake. Asidi hiyo hushambulia chuma, nayo gundi halisi ya kioo haishiki kamwe juu ya mabaki ya silikoni. Nilipoikwangua kwa ukucha ilitoka kwa urefu kama wa kiganja changu, na chini yake rangi ilikuwa imeinuka na kuvimba. Niligusa sehemu iliyovimba kwa ncha ya bisibisi, ikapasuka, na ndani mkatoka unga wa kutu wa rangi ya kahawia iliyokolea, ukiwa bado na unyevu. Bodi ya 911 hupakwa zinki kiwandani ili isipate kutu, lakini kisu cha yule fundi kilikuwa kimeipita rangi na zinki yote, na mkwaruzo wake ulionekana wazi, umenyooka, ukianzia pale pale kwenye kona.

Hapo sikuwa na haki ya kuendelea bila idhini ya mwenye gari, kwa sababu kutibu kutu kungeongeza siku na gharama, naye alikuwa amepanga kurudi Kisumu mapema kwa ajili ya zamu yake. Nilimtumia picha, kisha nikampigia simu.

"Daktari, samahani kwa kukukatiza kazini," nilimwambia. "Chini ya kioo kuna kutu. Nikibandika juu yake, gundi itashika kutu badala ya kushika bodi."

"Fundi, hilo nalielewa kuliko unavyodhani," alinijibu. "Kidonda hakifungwi juu ya usaha. Safisha kwanza, gari nitalifuata litakapokuwa tayari."

Ningefurahi wateja wote wangekuwa na subira ya daktari huyu. Tulisugua sehemu ile kwa msasa hadi chuma kikang'aa, tukapita mbele kidogo ya mpaka wa kutu ili kuhakikisha hakuna kilichobaki chini ya rangi nzima, tukaifuta silikoni yote kwa dawa yake maalumu, tukapaka praima ya epoksi ya kuzuia kutu, na juu yake rangi. Kisha tukangoja. Rangi mbichi huendelea kutoa mvuke wa vimumunyisho kwa muda hata baada ya kukauka mkononi, na gundi ikiwekwa juu yake mapema hushika ngozi ya juu tu. Hakuna njia ya mkato hapa ambayo mimi naijua na ambayo ningeithubutu kwenye gari linaloweza kupita kilomita 250 kwa saa.

Penye gundi ya zamani iliyokuwa nzima hatukuikwangua yote. Tuliipunguza kwa patasi hadi ikabaki utando wa milimita 1 au 2, kwa sababu gundi mpya ya poliyurethani hushikana vizuri sana na gundi ya zamani iliyokatwa karibuni. Mafundi wengi hudhani usafi ni kuifikia rangi, wakajiletea mikwaruzo isiyo ya lazima. Kioo kipya tulikiweka kwanza kikavu, bila gundi, tukapima mwanya wa pande zote mbili mpaka ukalingana, halafu tukabandika selotepu ya karatasi kutoka kwenye kioo hadi kwenye paa na kuikata katikati ili iwe alama ya kukirudisha pale pale. Ukanda mweusi wa seramiki unaozunguka kioo tuliufuta kwa kisafishio cha spiriti kisicho na amonia, tukapaka praima yake, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuugusa kwa kidole, maana mafuta ya ngozi hutosha kuharibu mshiko. Ukanda huo si pambo. Huizuia miale ya jua isiifikie gundi, ambayo isipokingwa huchakaa na kuwa unga.

Mdomo wa tyubu ya gundi hukatwa tundu la umbo la V ili gundi itoke ikiwa pembetatu iliyosimama, yenye kimo cha zaidi ya sentimita moja, na kioo kikishuka juu yake pembetatu hiyo hubonyea na kujaza nafasi bila kuacha mapovu. Mzunguko hutakiwa kuwa mmoja usiokatika, na mahali unapokutana pasiwe kwenye kona. Baada ya hapo una dakika chache tu kabla ngozi ya gundi haijaanza kukauka. Tulikinyanyua kioo kwa vikombe vya kunyonya, watu wawili, tukakishusha kwa kufuata alama za selotepu, tukakibonyeza kwa viganja kwa upole. Kukipiga piga kwa ngumi, kama nilivyoona kwingine, hakuna faida yoyote.

Sasa nifike kwenye suala la hali ya hewa, ambalo naona halizungumzwi vya kutosha kwetu. Gundi ya poliyurethani haikaushwi na jua. Hugandishwa na unyevu ulio hewani, ikianzia nje kuelekea ndani, na watengenezaji wengi hueleza kasi ya milimita 3 hadi 4 kwa saa 24 za kwanza penye joto la digrii 23 na unyevu wa asilimia 50. Kisumu, kwa ajili ya ziwa, ina joto na unyevu wa kutosha, na gundi huko hushika upesi. Nakuru iko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, usiku wake ni wa baridi, na mwezi wa Januari na Februari hewa ya mchana hukauka sana. Gundi ile ile, iliyotoka kwenye katoni moja, inaweza kuhitaji muda mrefu zaidi hapa kuliko kule. Kwa hiyo maelezo ya muda wa kungoja yaliyochapwa kwenye tyubu sharti yasomwe pamoja na kipimajoto na kipima unyevu, nami navyo vyote viwili vimetundikwa ukutani. Zipo gundi zinazoruhusu gari kuondoka baada ya saa moja katika hali nzuri. Kwa gari la mwendo wa namna hii, huku kwetu, siliachi liondoke kabla ya siku nzima kupita, hata mwenyewe aninunie.

Magari mengine ya spoti yana masharti ya ziada. Ferrari, tangu 360 Modena ya mwaka 1999, imekuwa ikiunda magari yake mengi kwa aluminiamu, na McLaren imetumia kiunzi cha nyuzi za kaboni kwenye magari yake ya barabarani tangu F1 ya mwaka 1992. Gundi ya kawaida ya kioo huwa na kaboni inayopitisha umeme, na juu ya aluminiamu inaweza kuchangia ulikaji, kwa hiyo huhitajika gundi isiyopitisha umeme, ambayo pia haivurugi antena iliyomo kwenye kioo. Magari mapya zaidi yana kamera nyuma ya kioo cha mbele, nayo ikishaguswa ni lazima ipangwe upya kwa mashine, la sivyo itaisoma mistari ya barabara mahali isipokuwepo. Mashine hiyo mimi sina, na gari la aina hiyo huwa namwambia mwenyewe alipeleke kwa wakala. Hii 997 haina kamera, kwa hiyo ilitosha kuweka jeli mpya ya kihisi cha mvua bila povu hata moja, kwa kuwa povu humfanya waipa afute kioo kikavu.

Kuhusu bei, kioo, usafiri wa ndege, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 vilizidi kwa mbali sana ujira wangu. Bima ya daktari ilikuwa kamili, lakini bima nyingi za namna hiyo nchini huweka kikomo cha kioo cha mbele ambacho huishia kwenye makumi ya maelfu ya shilingi, na kiasi hicho kinatosha Toyota wala hakikaribii Porsche. Kikomo hicho kinaweza kuongezwa kwa malipo ya ziada wakati wa kukata bima. Mwenye gari la spoti na ausome ukurasa huo leo, kabla ya kukutana na trela lolote.

Tulijaribu uvujaji kwa maji ya mpira yanayotiririka polepole kutoka paani, kijana akiwa ndani na tochi, naye hakuona hata tone. Daktari alipofika nilimwomba aache kioo cha mlango wazi kidogo kwa siku mbili za kwanza, ili upepo wa mlango unaofungwa usiisukume gundi ambayo bado inakomaa ndani, asiondoe selotepu mpaka kesho yake, na asilipeleke gari kwenye mashine ya maji ya kasi kwa wiki hiyo. Alipitia Kericho, akanipigia simu kutoka Kisumu kwamba kelele ya upepo iliyokuwa ikimsumbua tangu alinunue gari imekwisha, jambo lililonionyesha kwamba ile kona ilikuwa ikivuja hewa miaka yote. Aina ya gundi, tarehe yake ya kuisha na nambari ya kioo nimeziandika kwenye daftari la gereji, na nakala nimeitia ndani ya kijitabu cha gari, ili fundi mwingine akilifungua siku moja ajue kilichomo chini ya kioo kile.